Miaka 41 nimeishi Kigoma, juzi ndiyo nimefika Gombe. Kwenda na kurudi siku moja

Mawese Safi

Habari za jioni wakuu.

Nianze na aibu yangu ili nisije nikaanikwa huko mbele. Mimi ni mtoto wa Gungu, nauza mafuta ya mawese soko la Mwanga, nina miaka 41, na mpaka mwezi wa 11 uliopita nilikuwa sijakanyaga Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo hapa kaskazini mwetu. Wazungu wanapanda ndege mbili tatu kuja kuiona. Mimi kila nikienda Kibirizi kupokea madumu yangu natazama ile milima ya kaskazini nasema ipo tu, haiendi kokote.

Kilichonitoa ni msiba. Mama Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, shemeji yangu alinipigia simu kutoka Dodoma kunipa pole, utadhani kafiwa jirani yangu. Baada ya pole akauliza, "Hivi huko kwa sokwe pakoje?" Nikababaika. Nikamdanganya kidogo. Akasema vizuri, nakuja likizo unipeleke. Basi uongo wangu ukaniponza.

Naanza na usafiri maana ndipo wengi wanapokwama. Gombe haina barabara, ni maji tu. Boti za abiria za vijiji vya kaskazini, zile za Mwamgongo na Kagunga, zinaondoka Kibirizi mchana. Ukipanda hizo unafika jua limeshaegemea, na ya kukurudisha inapita kesho yake asubuhi. Kwa hiyo mtu wa kwenda na kurudi siku moja hana ujanja, akodi boti. Tulikuwa wanne tukachanga. Bei sitaji, inategemea mafuta na mdomo wako.

Binti yangu wa miaka 13 tulimwacha analia. Chini ya miaka 15 hafuati sokwe, na hilo nililijua usiku wa kuamkia safari, ameshapiga pasi nguo zake. Nitamrudia baadaye.

Tuling'oa saa 12 kasoro robo alfajiri. Vipe (mitumbwi ya kuvulia) vya dagaa ndiyo vilikuwa vinarudi, taa zimezimwa, vijana wamejikunja kwenye nyavu. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji kwenye beseni. Ukitoka Kibirizi unaambaa na pwani, kulia kwako vijiji, mihogo, michikichi, vilima vyekundu vimepauka. Unazoea. Halafu ghafla msitu unaanza. Hauanzi kidogo kidogo, unaanza palepale, kama kichwa kilichonyolewa upande mmoja halafu kinyozi akaitwa na mtu. Shemeji akauliza, "Hapa ndipo mpaka?" Hakuna aliyemjibu, swali lilikuwa limejijibu.

Nashusha kwa mafungu, simu ina chaji kidogo.

Kuhe Mkubwa

Nimeweka kiti hapa mbele kabisa. Endelea.

Dada wa Ujiji

Usijione peke yako mleta uzi. Mimi nimekulia Ujiji, ule mwembe wa Livingstone na Stanley nimeuona darasa la nne kwa sababu tulilazimishwa na shule. Gombe mpaka leo bado. Umenitia aibu na mimi.

Mawese Safi

Nimepata chaji.

Unashukia Kasekela, ndipo makao ya hifadhi. Unaandikishwa, unalipa kwa kontro namba, pesa mkononi hawataki. Mnapewa muongozaji (kuna jamaa wa boti alikuwa anamwita "gaidi", akiweka lafudhi ya Kizungu, nikamwambia kaka hilo jina usilitamke kwa sauti). Halafu masharti: barakoa mnapowakaribia sokwe, umbali wa mita 10, hakuna kula mbele yao, hakuna kutema mate, na mkishawapata mna saa moja tu. Ukiwa na mafua unabaki chini, hata kama umetoka Australia. Nikadhani ni mbwembwe za ofisi. Muongozaji akasema sokwe anaambukizwa magonjwa yetu moja kwa moja, na kwamba mwaka 1966 polio iliingia humo, wengine wakafa, wengine wakabaki wanajikokota na mkono mmoja. Baada ya hapo nilikuwa nahesabu hata chafya zangu.

Kabla ya sokwe, nyani. Wale wa ufukweni hawana adabu hata chembe. Shemeji alionywa asiweke mfuko chini. Akauweka chini kufunga kamba ya kiatu, muda wa kupiga fundo moja tu, chapati sita zikaenda. Nyani hakukimbia hata. Alikaa kama mita nane akazila akitutazama, nyingine akaidondosha mchangani, akaipukuta vumbi vizuri kabisa kuliko watoto wangu.

Sasa kupanda. Nawaambia ukweli, hifadhi ni ndogo, haifiki kilomita za mraba 60, lakini imesimama wima. Ziwa liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, mgongo wa mlima unapita mita 1,500, na baina yake ni umbali wa kutembea. Mabonde yamekatwa na vijito, unashuka ili upande. Mwezi wa 11 mvua zimeshaanza, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Nilivaa raba za kawaida. Msinifuate.

Muongozaji alikuwa na redio ya upepo, anaongea na wenzake waliotoka usiku kwenda pale sokwe walipolala. Sokwe analaza matawi juu ya mti kila jioni, anatengeneza kitanda kipya, cha jana hakitaki. Kwa hiyo ukijua wamelala wapi, asubuhi unawawahi kabla hawajaamka. Wale wa redio ni vijana wa vijiji vya hukuhuku. Mmoja tulisoma naye shule ya msingi! Miaka yote hiyo namuona Mwanga namuuliza "kazi inaendaje," anasema "porini huko," nikajua anachoma mkaa.

Njiani tuliona mbega wekundu, kima, pongo mmoja aliyetustukiza na sisi tukamstukiza. Maporomoko ya Kakombe tulipita, maji yanaanguka kama mita 25, unasimama pale upepo wake unakulowesha kabla hujayagusa. Tulikaa dakika tano tu, redio ikaita.

Kuhe Mkubwa

Unakatia patamu makusudi wewe.

Mawese Safi

Hahaha mteja aliingia dukani.

Tulimsikia kwanza. Sauti inaanza chini, hu, hu, hu, inapanda, inageuka makelele, na bonde la pili linaitikia. Nywele zilinisimama. Nimeishi kilomita chache kutoka hapo maisha yangu yote, sauti ile sikuwa naijua.

Tulimkuta mama mmoja na mwanawe kwenye kichuguu. Hakutujali. Alivunja unyasi mrefu, akautoa majani kwa midomo, akautazama, akautupa. Akavunja mwingine. Huu ulimridhisha. Akakwangua tundu kwa kidole, akauingiza taratibu, akatulia. Mnajua mtu anavyoshika mshipi anasikilizia samaki? Vilevile. Halafu akauvuta polepole, mchwa wameung'ang'ania kwa meno, akaupitisha mdomoni. Kimya. Akarudia. Alikaa pale karibu nusu saa nzima ya saa yetu moja.

Mtoto naye alikuwa na kijiti chake. Kinene, hakiingii. Anakigonga tunduni, anamtazama mama, anakigonga tena. Baadaye akaokota ule unyasi mama aliotupa, akauingiza, akauchomoa haraka haraka, haukuwa na kitu. Akaulamba hivyohivyo.

Muongozaji akanong'ona kwamba ni mwezi huuhuu wa 11, mwaka 1960, Mama Jane aliona dume mmoja aliyempa jina la David Greybeard akifanya jambo hilo. Alikuwa amefika Gombe tarehe 14 Julai mwaka huo, miezi minne hata haijaisha. Wakati ule wasomi walikuwa wanasema anayetengeneza zana ni binadamu peke yake. Mimi nikafikiria kumbikumbi. Mwezi huohuo mvua zikianza, watoto wa Gungu wanakesha na mabeseni chini ya taa. Sisi na yule mama tuna kalenda moja ya mboga.

Kurudi sitaeleza sana. Mchana ziwa lilichafuka, injini ikazima mara mbili, maboya yalikuwa chini ya magunia yameloa. Nilimlipa mwenye boti pesa yake na sikumwambia asante. Ukikodi, kagua maboya na injini ya akiba kabla ya kupanda, si katikati ya maji.

Mnyamwezi wa Cheyo

Uzi mtamu. Ila naomba kueleweshwa, mimi huku Tabora siku zote najua Gombe ni kisiwa. Mnakwenda kwa boti, mnarudi kwa boti, barabara hakuna. Sasa mbona mnazungumzia vijiji?

Mimi niliwahi kupanda treni hapa Tabora mpaka Mwanza, nikaenda Saanane. Hicho ndicho kisiwa bwana. Kutoka Capri Point dakika chache tu umefika, unazunguka kwa miguu kutwa unamaliza, mawe makubwa kama nyumba, pimbi wamejaa juu ya mawe wanaota jua, swala, ngedere, kenge anapita kama mzee anakwenda msikitini, na wale mijusi wenye vichwa vya rangi. Pale palianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikaja kuwa hifadhi ya taifa 2013. Jina ni la mzee aliyekuwa anaishi hapo kabla. Kwa mtu wa bajeti ndogo ni pazuri mno, na chapati zangu nilikula zote.

Mawese Safi

Mnyamwezi, swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi, chapati nilianza nazo kama chambo.

Kwenye ramani Gombe si kisiwa. Magharibi ni ziwa, mashariki ni mgongo wa milima, na nyuma ya mgongo ni nchi kavu unatembea mpaka Kasulu. Lakini nilimuuliza muongozaji swali la kijinga: sokwe wakichoka hapa, wanakwenda wapi? Akasema hawana pa kwenda. Ziwani hawaingii, sokwe haogelei. Mashariki ni mashamba na mabati. Kaskazini kijiji, kusini kijiji. Msitu umebaki kipande, na wao wamo ndani yake. Sasa hicho unakiitaje kama si kisiwa? Maji yake upande mmoja ni maji kweli, pande tatu zilizobaki ni mihogo.

Na tatizo lenyewe si nafasi peke yake. Kwa sokwe, jike akikua ndiye anayehama kwenda kundi jingine kuzaa, asizae na ndugu zake. Dume anabaki kwao. Gombe nzima ina makundi matatu, Mitumba kaskazini, Kasekela katikati, Kalande kusini. Wote kwa pamoja ni kama mia moja tu. Miaka ya 1960 walikuwa kama 150. Yaani ni ukoo wa kuoana mitaa mitatu, na njia ya kijiji cha nne imefungwa.

Hapo ndipo nilipokaa kimya. Michikichi niliyoiona pwani, na mingine kule nyuma ya mlima, ndiyo inayojaza madumu yangu. Mimi ni sehemu ya yale maji yanayozunguka kisiwa. Sijui mnanielewa.

Mvuvi wa Kalalangabo

Tunakuelewa ila usijipige kifua sana. Mchikichi nao ni mti. Ule msitu haukuliwa na mawese, uliliwa na njaa. Miaka ya 90 vita vya Burundi na vya Zaire vilileta watu hapa Kigoma kwa malaki, kila mtu anataka kuni, kila mtu anataka pa kupanda muhogo. Ulitaka wapikie nini?

Na jingine. Sisi wavuvi tulikuwa tunaanika dagaa ufukweni mwa Gombe, babu zetu walikuwa na kambi pale. Tukaondolewa. Sawa, tumekubali, lakini watalii wakija wanaambiwa habari ya sokwe tu, hakuna anayesema kuna watu walisogea. Hilo ndilo linaloniuma, si hifadhi yenyewe.

Mawese Safi

Hoja yako imeingia, mkuu. Muongozaji kweli hakulisema, na mimi sikuuliza.

Bi Mkubwa wa Mwandiga

Wanangu, msibishane kama msitu umekufa ukazikwa. Mradi wa TACARE, ule wa taasisi ya Mama Jane wa kurudisha misitu, ulipoanza 1994 mimi nilikuwa kwenye kikundi cha kitalu cha miche. Mwanzo tulicheka, tukasema hawa wanataka kuturudishia nyani mashambani. Lakini walianza na tulichokitaka sisi, miche, mikopo midogo ya akina mama, afya, ndipo likaja suala la misitu ya vijiji. Vijiji vikakubali kutenga milima ya juu, hapana kukata, hapana kuchoma moto. Kuna vilima nilivijua vipara nikiwa na watoto wadogo, leo vina vichaka unapotelea. Mti ukiuacha bila kuuchoma moto, unarudi wenyewe. Kisiki cha mninga kina roho ngumu kuliko mwenye panga.

Sikusema imetosha. Nasema Mawese Safi aje aone na upande wetu, asiangalie kutoka botini tu.

Mawese Safi

Shikamoo mama. Nitakuja, nitaleta na dumu moja la zawadi.

Ticha Mstaafu

Niongeze kidogo kwa Mnyamwezi. Ukitaka sokwe kwenye kisiwa cha kweli, kipo, ni Rubondo, Ziwa Victoria. Ila wale si wenyeji. Waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wakafunguliwa humo. Wengine walikuwa wamezoea vizimba tangu utoto. Wakajifunza kula majani ya msituni, wakazaana, wajukuu wao leo wanakimbia binadamu kama sokwe wa kawaida. Kwa hiyo tuna kisiwa ambacho sokwe waliwekwa, na tuna nchi kavu iliyogeuka kisiwa sokwe wakiwemo. Nilipokuwa nafundisha jiografia hili lilikuwa swali langu la mtihani, wakifaulu wawili nafurahi.

Pia nisahihishe ule upole unaoujenga hapo juu na mama na mtoto wa kichuguu. Kati ya 1974 na 1978 kundi la Kasekela liliwamaliza madume wote wa kundi la Kahama, waliokuwa wamejitenga nalo. Walikuwa wakiwafuata mmoja mmoja. Mama Jane mwenyewe ilimsumbua sana.

Kuhe Mkubwa

Kumbe ukoo huohuo! Kama kesi ya shamba ya baba zangu wadogo.

Dada wa Ujiji

Maswali ya haraka mleta uzi. Mwezi gani bora? Nivae nini? Na siku moja inatosha kweli?

Mawese Safi

Kiangazi, mwezi wa 7 mpaka wa 10, njia ni kavu na picha zinatoka vizuri. Mimi nilienda mvua zinaanza nikala udongo, lakini ndiyo msimu wa mchwa, bila hivyo nisingeona nilichokiona. Chagua maumivu yako.

Viatu vyenye meno. Suruali ndefu. Maji lita mbili kila mtu. Chakula ndani ya begi lenye zipu, na begi mgongoni, si chini, si mkononi, si kwenye benchi.

Siku moja inatosha kama sokwe wako bonde la karibu. Sisi tulitembea saa mbili na nusu ndipo tukawapata, kuna waliokwenda jana yake wakatembea sita, wakarudi na picha ya kitanda kitupu. Ukiweza kulala, lala. Boti ya abiria itakuwa imekusaidia na nauli.

Mnyamwezi wa Cheyo

Na Mahale je, ile hifadhi nyingine ya sokwe? Naambiwa ndiyo kubwa.

Ticha Mstaafu

Mahale ni kubwa mara nyingi, zaidi ya kilomita za mraba 1,600, hifadhi ya taifa tangu 1985, na watafiti wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wako huko tangu 1965. Ila kutoka Kigoma mjini si safari ya kwenda na kurudi siku moja, labda uwe na ndege.

Dada wa Ujiji

Ulisema utarudi kwa binti. Aliyeachwa analia.

Mawese Safi

Ah, kweli.

Alikuwa ameniagiza nimletee ule unyasi wa sokwe. Hifadhini huruhusiwi kutoka hata na jani, kwa hiyo nilipiga picha, unyasi umelala juu ya kichuguu, umetafunwa ncha. Nilimpa simu usiku ule akaikuza picha, akaitazama, akanirudishia bila neno. Nikajua bado kanuna.

Juzi Jumapili nikamtafuta aende dukani, hayupo. Nikamkuta nyuma ya nyumba kwenye kichuguu cha mpaka wetu na jirani. Amechuchumaa. Ana mafungu matatu ya nyasi, ameyapanga kwa unene, na mdogo wake amekaa pembeni kashika kopo. Nikamuuliza unafanya nini. Akanionyesha kwa mkono ninyamaze.

Kuhe Mkubwa

Alipata wangapi?

Mawese Safi

Wawili. Na kidole kimevimba.